Mjeledi wa Pigo Moja

Katika mji wa Darazumu alitawala Sultani Kaharamani, mwenye enzi kubwa na hasira za karibu, na mwanawe Zahran alikaliwa na jini mabegani, jini asiyeonekana ila kwa kivuli, maana kivuli cha kijana yule kilikuwa na vichwa viwili. Wenye mikuki walimjeruhi kijana bure. Ndipo akaitwa mzee Farjalla, mchunga ngamia, aliyeweza kwa mjeledi kumwondoa nzi sikioni mwa ngamia na ngamia asishtuke.

Farjalla akapiga mara moja, na jini akaanguka mchangani akaonekana, mdogo, mweusi, mwenye macho ya mtoto mchanga, akasema, "Umeniua, ewe muungwana. Niongeze mjeledi mmoja nife upesi." Na Farjalla, maskini, kwa moyo wake laini akaongeza! Lo! Kumbe pigo la pili ndilo uhai wa jini, akaruka akamkalia Farjalla mwenyewe, na mzee hakunena tena.

Sultani akaamuru, "Ijumaa, baada ya sala, azikwe yeye na mzigo wake."

Salhina, binti wa pekee wa Farjalla, akalia mpaka machozi yakamkauka, kisha akauangua mjeledi ukutani, na mwalimu hana. Adhuhuri, jini alipolala, akawasha taa katika banda la ngamia, akamwona baba ameketi, mikono mapajani, na kivuli chake ukutani kimesimama, kimeshika mjeledi, na kichwa cha pili kimesinzia begani. Kivuli kikainua mkono polepole, kikamngoja, kama baba alivyomngoja zamani akimfunza kukama. Naye akainua wake.

Kikamfunza kulegeza kifundo cha mkono na kuuacha mjeledi ukunjuke wenyewe, hata akaweza kupeperusha unyoya juu ya nundu ya ngamia. Lakini ncha ikishapiga hurudi, na ikirudi hupiga tena, na hapo ndipo alipokosea kila mara. Basi kivuli kikaunyoosha mkono wa kushoto, na pigo la kurudi likatua juu yake. Salhina akaelewa, akaogopa, akang'ata ukaya wake wa kichwani, akajaribu mpaka mkono ukachanika.

Ijumaa kaburi likawa wazi, na Salhina akaja na mjeledi.

"Utamwua babako, we binti!" Sultani akamkemea.

"Maulana, kaburi mmeshalichimba. Niachie."

Akakitazama kivuli, akapiga. Jini akaanguka, ncha ikarudi, naye Salhina akaikinga kwa mkono wake wa kushoto na damu ikamtiririka. Jini akalia kwa sauti ya Farjalla, "Salhina mwanangu, naumia. Niongeze mmoja." Salhina akamtazama baba: midomo imefumba. Moyo ukamuuma.

"Baba hakunifunza wa pili," akasema, akauweka mjeledi chini, na jini akazama mchangani.

Zahran akamwoa Salhina kwa arusi kubwa, na Sultani akawapa majumba na ngamia weupe, na Farjalla akanena tena. Nanyi wenye huruma, kabla ya kutoa, tazameni kwanza ni nani anayewaomba. Maana mchanga ule mpaka leo huomba kila adhuhuri, "Niongeze mmoja, ewe muungwana," na Farjalla akiusikia huingia kwa binti yake, machozi yakimlengalenga, humnyooshea mkono wa kulia, ule wa mjeledi, na Salhina huufunga kwa ukaya.

"Kaza, mwanangu," mzee humwambia. "Kaza zaidi."