Daraja la Nne

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana zamani yenyewe ni ya juzi tu, simu zilikwisha kufika hadi shambani, palikuwa na mto uitwao Kihaba. Ulikuwa na madaraja mawili ya mbao. La juu ni la kijiji cha Chanyumbu, jipya, mbao zake bado zinanukia. La chini ni la Mlowoka, bovu, lenye mashimo ya kumeza mguu wa mtu mzima.

Karani wa Mlowoka alikuwa Bi Sikudhani. Mwanamke wa haki, mwenye mwandiko mzuri, ila alikuwa na ila moja: akichanganyikiwa haulizi. Anaitikia kwa kichwa, kisha anakwenda kuumia nyumbani kwake.

Siku moja akaja afisa takwimu wa halmashauri, kijana aitwaye Lwitiko.

"Shikamooni, mama zangu na baba zangu."

"Marahaba!"

"Miaka yote mbao za matengenezo zilikwenda kwa mwenye sauti kubwa au mwenye shemeji ofisini. Mwaka huu zitafuata takwimu. Kila karani atajaza fomu kwenye simu na kupiga picha, na kompyuta itapanga. Mto huu umetengewa mbao za daraja moja tu."

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Lwitiko akamgeukia karani. "Bi Sikudhani, daraja lenu ni daraja la ngapi?"

"La pili, mwanangu. La kwanza liko juu kule, Chanyumbu."

"Siulizi mahali, mama. Nauliza daraja la daraja."

"Daraja la daraja?"

"Ndiyo. La kwanza mpaka la nne. Yote yamo kwenye fomu."

Bi Sikudhani akaitikia kwa kichwa. Lwitiko akawaachia namba yake ya simu, akapanda pikipiki, huyoo.

Fomu nayo ilikuwaje? Mstari wa kwanza: Daraja. Mstari wa pili: Daraja. Chini yake: Picha. Basi!

Bi Sikudhani akakaa na simu yake siku mbili, anaishika, anaiweka. Mwishowe akakumbuka cheti chake cha kidato cha nne, alichokificha sandukuni miaka thelathini. Kiliandikwa daraja la nne. Akawaza, wa daraja la kwanza ndio waliofaulu. Daraja letu hili limefeli, tena limefeli vibaya. Akaandika nne. Akalionea huruma, maana aliona kama anajiandika mwenyewe.

Ikabaki picha. Kina mama wa Mlowoka waliposikia daraja lao litatazamwa na wakubwa, wakaja mbio na mafagio. "Lipigwe picha hivi hivi, na mashimo yote haya? Watatuonaje?" Wakafagia. Wakaziba mashimo kwa mabua, wakapaka udongo mwekundu juu yake, wakafunga majani mabichi nguzoni kama kwenye harusi. Bi Sikudhani moyo ukamsita. Nambari inasema hivi, picha inasema vile. Lakini angewaambiaje wenzake walivue pambo? Akapiga picha, akatuma.

Kumbe kwenye kompyuta ya Lwitiko, daraja la kwanza ndilo la kutengenezwa kwanza! Na Chanyumbu walikuwa wameandika moja, kwa majivuno yao.

Fundi Ngaiza wa halmashauri akapeleka kikosi Chanyumbu. Akagonga mbao, ngo! ngo! nzima. Akagonga nyingine, ngo! nzima. Akatazama karatasi: Chanyumbu. Akang'oa mbao nzima, akapigilia mbao nzima. Wenyeji wakampikia pilau, wakala pamoja, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa kwa kula.

Masika yakaja. Daraja la Mlowoka likaanguka siku ya soko, mchana kweupe. Hakufa mtu, ila soko na zahanati vikabaki ng'ambo, kuzungukia Chanyumbu ni mbali mno, na maji yakawa ya kifuani.

Sasa sikilizeni. Mlowoka wana desturi yao. Kivuko kikivunjika kwa kosa la mtu, hakuna faini wala polisi. Mwenye kosa huingia mtoni asubuhi, akasimama majini hadi jioni, akiwavusha watu mmoja mmoja, mpaka daraja lisimame tena. Wa mwisho kufanya kazi hiyo alikuwa kaka yake Bi Sikudhani. Alivusha masika yote, akatoka na kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichomzika.

Wakaitwa wote watatu ukingoni, afisa, fundi na karani. Wakaja wote, hakuna aliyekimbia.

Lwitiko akasema, "Mimi nimeleta haki. Katika wilaya nzima madaraja kumi na moja yametengenezwa bila ya shemeji wa mtu. Nambari moja ni wa kwanza kwenye foleni, nani asiyejua? Niliwaachia namba yangu ya simu, nani alinipigia? Hata hivyo nilitilia shaka hiyo nne yenu. Nikafungua picha, nikaona harusi!"

Fundi Ngaiza akasema, "Niliona, sikatai. Lakini mwaka juzi niliona vilevile, nikatengeneza daraja ambalo halikuwa kwenye karatasi. Nikasimamishwa kazi miezi mitatu, watoto wakalala njaa. Leo mnaniuliza macho yangu yalikuwa wapi? Waulizeni walioyafumba."

Ikawa zamu ya Bi Sikudhani. "Niliandika ukweli kwa nambari, nikatuma uongo kwa picha, na vyote viwili nilivifanya kwa nia njema. Akisema Lwitiko, naona ana haki. Akisema fundi, naona ana haki. Wakinyamaza, naona ni mimi. Jamani, naogopa mto huu. Wallahi naogopa."

Kina mama wakapiga kelele, "Na sisi tuliopaka udongo je?"

Mwenyekiti wa kijiji akakuna kichwa. "Kijiji kizima kikiingia majini, atakayevushwa ni nani? Desturi inataka mtu mmoja."

Lwitiko akamtazama fundi. Fundi akamtazama Lwitiko. Wote wawili wakamtazama Bi Sikudhani, naye akashtuka kuona amekwisha kuvua viatu, hajui alivivua saa ngapi. Nyuma yao watu walikuwa wamejaa, mizigo kichwani, wagonjwa migongoni, wanaita, "Yeyote! Ashuke mtu yeyote!"

Haya, ninyi mnaocheka huko nyuma, na wewe unayejifanya umesinzia: mmoja aliandika neno asilieleze, mmoja hakuelewa asiulize, mmoja aliona asiseme. Maji ni ya kifuani na masika ndiyo kwanza yanaanza. Je, nani aingie mtoni?