Viatu vya Hizamu na Jini Fundi

Katika mji wa Jauhari alitawala Sultani Mudhaffari, mwenye enzi na hazina na binti mmoja tu, Siti Lulua; na ilikuwa ada ya Jauhari kwamba mwenye kumposa binti wa sultani hupita sokoni kwa miguu yake, bila farasi wala mkongojo, mpaka kasri, na watu wote wakimtazama.

Ada hiyo ilimkata maini Hizamu bin Tarishi, mfanyabiashara wa hariri, kwani alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda, na kila kiatu cha sokoni kilimchubua, naye akatembea akichechemea. Na alimpenda Siti Lulua, aliyekuja dukani na vijakazi wake kubishana bei na kucheka nyuma ya utaji, na Hizamu akapunguza bei mpaka karani wake akakunja uso.

Akasikia habari za Kharadani, jini fundi wa viatu, aliyefungwa chini ya jabali kwa ahadi ya kale asimkatae mteja yeyote, akamwendea. Jini akauchukua ule mguu mikononi, akaupima kwa ukanda wa ukili, kisigino na wayo na kila kidole, kwa upole ambao Hizamu hakuutarajia kwa kiumbe mwenye kucha zile. Kisha akasema, "Ewe mwanadamu, wataka viatu vya mguu au viatu vya macho? Vya mguu ni jora moja la hariri. Nikitia yakuti na zumaridi viwe vya macho pia, ujira wangu ni duka lako na vyote vilivyomo."

Mwenye akili timamu angelipa jora lake akaenda zake. Lakini Hizamu aliona haya kwenda kuposa kwa viatu vya ngozi tupu, akatoa duka.

Siku ya posa akapita sokoni, na mguu haukuuma. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake alitembea sawasawa, na machozi yakamtoka, na watu wakadhani ni ya fahari. Akafika mlangoni pa kasri, na hapo ndipo akakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Jauhari analijua: mbele ya sultani haingii mtu na viatu. Akavivua, akaviacha pamoja na makubadhi ya watumishi, akaingia peku akichechemea. Maskini, duka zima limebaki mlangoni.

Sultani, aliyemwona kutoka roshanini akitembea vizuri, akauliza kilema kimetoka wapi. Hizamu akaeleza kweli yote. Sultani akaagiza vito ving'olewe vithaminiwe, na kila kito kilipogusa sinia kikageuka changarawe. Mawaziri wakacheka kwa adabu, na Hizamu akajiona amekwisha.

"Huna duka wala vito," akasema Sultani. "Binti yangu utamlisha nini?"

Hapo Siti Lulua akasema nyuma ya pazia, akaomba Hizamu atoke aende uani, avae tena viatu vyake. Akavaa, akaenda na kurudi, wala hakuchechemea.

"Baba yangu na sultani wangu," akasema Siti Lulua, "alichopoteza amekipoteza kwa ajili ya macho yetu sisi, tunaowakagua watu njiani. Alichopata cha thamani ya jora moja, mwendo wake, hakijageuka changarawe. Mimi namtaka huyu."

Sultani akakubali, kwa kuwa ada ile aliishika yeye. Kisha akaifuta, akaozesha, akamfungulia mkwewe duka kubwa kuliko la kwanza, na Hizamu akatajirika.

Nanyi mnaouliza kama kiatu cha kushonewa kinastahili gharama yake, lipieni kinachoujua mguu wenu, tena bila kunung'unika. Kinacholipiwa kwa ajili ya macho ya watu, kiacheni dukani.

Siku ya harusi viatu vya bwana arusi vilikuwa na matundu palipokuwa na vito. Wakaja mafundi wa kasri kuyaziba, na Siti Lulua akawarudisha, akasema mume wake anatembea vizuri.