Digidigi na Tope la Heshima

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga mazizi yao wenyewe na kugombana nani afagie, palikuwa na zizi moja lililonuka mpaka bondeni. Mwenye zizi alikuwa Mzee Fahali. Yeye alilala kwenye kilima cha kokoto kavu. Wengine wote walisimama kwenye tope na samadi, maana Mzee alikataa kuchimba mtaro wa maji.

Basi ndama mmoja, Madoa, akaanza kuchechemea. Mama yake akaenda kwa Mzee.

"Mwanangu mguu unamuuma, mzee. Tupishe siku chache huko pakavu."

"Mguu gani? Huyo ni mvivu tu," akasema Fahali, akicheua. "Mwezi ukiandama tunahamia malisho ya mlimani. Asiyeweza kutembea abaki na Fisi."

Mmesikia hayo? Ndama wa miezi mitatu, abaki na Fisi! Mimi kila nikifika hapa damu hunichemka.

Jirani yao, Digidigi, akaja kuangalia. Ni mdogo, lakini mambo ya kwato anayajua, maana maisha yake ni mbio. Akauinua mguu wa Madoa. Kijiwe kilikuwa kimekwama kwenye mpasuko wa ukwato, nyama imevimba, usaha unatoka. Akakichokoa kwa mwiba, pyu! Kisha akaosha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

"Utapona," akamwambia, "ila ukirudi topeni, kazi yangu ni bure."

Akakitazama kilima cha kokoto. Mzee anakoroma juu yake, khoo, khoo. Digidigi akakasirika mpaka masikio yakamtetemeka. Nguvu hakuwa nazo. Akafikiri kidogo, halafu akapaza sauti.

"Madoa, mwanangu, usithubutu kutoka humu! Hili ndilo tope la heshima. Mafahali wa ng'ambo huloweka kwato kwenye tope kama hili mpaka mwezi uandame. Wakikanyaga, ardhi inatetemeka, ndi ndi ndi. Bahati yetu Mzee hajui."

Mkoromo ukakatika.

"Nani hajui?" Fahali akashuka mbio. "Kumbe mnanificha mali kwenye zizi langu mwenyewe? Tokeni, pandeni huko juu."

"Usitunyang'anye, mzee, nakuomba," akalia Digidigi, huku akimkonyeza Mama Madoa.

"Tokeni, nimesema."

Wakatoka, tena kwa haraka.

Siku tisa Fahali alisimama topeni, amejivuna. Huko juu Madoa akalala pakavu, akaoshwa mguu asubuhi na jioni. Mwezi ulipoandama, akashuka kilimani, ti ti ti ti. Fahali akainua mguu, akaurudisha. Akajaribu mwingine, akagumia.

"Ningojeni kidogo," akasema kwa sauti ndogo. "Mguu unaniuma."

"Mguu gani?" akauliza Mama Madoa. "Si uvivu huo? Asiyeweza kutembea abaki na Fisi. Sheria ni yako."

Nyuma ya ua Fisi akacheka, hii hii hii. Fahali akamgeukia Digidigi.

"Digidigi, nisaidie. Tope lako limeniozesha kwato."

"Tope langu?" Digidigi akapandwa na hasira. "Ni lako, mzee. Watoto wamesimama humo tangu masika, wewe unakoroma. Nitakutibu, lakini kwanza sema mbele ya wote: Madoa alikuwa mvivu?"

Fahali akatazama chini. "Hapana. Alikuwa anaumwa."

"Haya, shika jembe. Mtaro kwanza, chumvi baadaye."

Basi safari ikaahirishwa. Mzee Fahali akachimba mtaro siku tatu, akisimama kwa miguu mitatu na kugumia kila jembe liliposhuka. Hakuna aliyempa pole, na mimi pia simpi.

Anayelala pakavu asimwite mvivu aliyesimama topeni.