Kijiti cha Kupimia Ukili

Mwanamke mmoja alikuwa na wanafunzi wa kusuka ukili. Jina lake Bi Mize. Na ukili, kwa asiyeujua, ni ule utepe mrefu wa miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, ambao husukwa kwanza, tena mrefu hasa, ndipo ukashonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Mkeka ukitandikwa watu husifu rangi. Aliyeushona anajua kwamba sifa yote imo kwenye ukili.

Bi Mize alifundisha kama alivyofundishwa. Aliketi juu barazani, wanawake wakaketi chini wakimwelekea, akawaonyesha, akawagawia miyaa, akawaambia waende wakasuke majumbani kwao. Hakuwaona tena mpaka msimu ulipokwisha, siku ya kushona. Siku hiyo ukili ulionyooka ulishonwa, na uliopinda ukatiwa jikoni kuwasha moto. Mwenye ukili uliopinda aliambiwa hana mkono. Neno lenyewe dogo, lakini mtu akishaambiwa hana mkono, nani atampa miyaa tena? Wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Bi Mize, vidole vikianza kumkaza kwa uzee, akaona kwamba atakufa na kazi yake bila wa kumwachia, na jambo hilo lilimuuma sana.

Msimu mmoja akaja Sikitu, mjane aliyekuwa akivunja kokoto kando ya barabara ili wanawe wale. Viganja vyake vilikuwa na sugu, na kifua kilikwisha kuanza kukohoa vumbi. Akishindwa kutoa mkeka, njia yake ni moja tu, kurudi kwenye kokoto. Bi Mize alimtazama akaogopa kumpoteza na huyu. Basi akakata kijiti, urefu wake sawasawa na upana wa ukili unaotakiwa, akatangaza kwamba kila Ijumaa baada ya sala atapita nyumba kwa nyumba kupima.

Maneno yakazuka. Wanawake wakasema bibi kageuka hakimu. Mmoja wao akawa kila Alhamisi analowesha ncha ya ukili wake na kuivuta mpaka itoshee, pale tu kijiti kitakapogusa. Kwingine shauri ya Mungu. Msicheke, mlioketi hapa. Mnao watoto wanaofanya vivyo hivyo mtihani ukikaribia, na mnao walimu wanaowasaidia kuvuta.

Sikitu yeye, nyumba yake ilipofikiwa, alimtolea barazani bunda lililokunjwa vizuri, lile asilolipenda kalificha ndani. Bi Mize akalikunjua lote. Katikati ukili ulikuwa umekonda, kijiti kikatokeza kando zote mbili. Sikitu hakungoja kuambiwa. Akakusanya miyaa iliyobaki, akaifunga, akaiweka miguuni pa mwalimu wake, akageuka kuitafuta nyundo yake ya kokoto.

"Keti, mwanangu," Bi Mize akasema. "Ningetaka kukuhukumu ningengoja siku ya kushona. Nimepima leo nijue pa kukushika mkono. Hebu suka nikuone."

Sikitu akasuka. Na Bi Mize, pamoja na miaka yote aliyofundisha, akavitazama vidole vya mwanafunzi kwa mara ya kwanza. Mwaa mmoja ukiisha, msukaji hupachika mwingine. Sikitu alikuwa anaupachika kwa upande usio wake. Ule mpya unashika kidogo, kisha unachomoka, na ukili unapungua mwenyewe asijue. Kisa nini? Siku ya kufundishwa, mwalimu aliketi akimwelekea. Kulia kwa mwalimu kulikuwa kushoto kwa Sikitu, naye aliiga kile alichokiona kwa uaminifu wake wote. Wenzake walinusurika kwa sababu walikulia ubavuni mwa mama zao wakisuka. Aliyetoka kwenye kokoto hakuwa na ubavu wa kuegemea. Kijiti kiliwekwa juu ya ukili wa Sikitu, kumbe kinampima Bi Mize. Akaona haya, ila ilikuwa haya nyepesi, maana kosa likionekana mapema lina dawa.

Akashuka barazani. Akaketi chini, bega kwa bega na Sikitu, wakafumua mpaka pale ukili ulipoanzia kukonda, wala hawakuzidisha. Ijumaa iliyofuata bado ulikuwa mwembamba kidogo. Iliyofuata tena ulipungua unywele tu. Kisha ikaja Ijumaa ambayo Sikitu alimpokea mlangoni, bunda limekwisha kukunjuliwa sakafuni, akaomba kijiti apime kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anatabasamu kabla hata ya kupima. Na yule wa kuvuta ncha, baada ya kuona kwa jirani hakuna aliyefukuzwa, akaacha kulowesha. Alimwita Bi Mize ndani, akamwonyesha pale palipokuwa pabovu hasa, akamsogezea kigoda.

Siku ya kushona, moto wa jikoni uliwashwa kwa makuti matupu. Mkeka wa Sikitu ulitandikwa ukalala wote, pembe zote nne, na wanawe wakagombea nani aukalie kwanza. Bi Mize akawaacha wagombee, akaenda kuchagua miyaa ya msimu mwingine, mingi kuliko ya miaka yote ya nyuma.

Sitawaambia habari ya ufa na ukuta. Mnaijua tangu utotoni, na bado kila mwaka mnajenga kuta. Nawauliza hili moja tu, walimu na wazazi mlioketi hapa. Mtoto akikuletea karatasi yenye alama mbaya, na muhula haujaisha, umewahi kujiuliza wewe uliketi upande gani ulipokuwa unamfundisha?