Chumba cha Moshi cha Bwana Meneja

Hapo kale, lakini si kale sana, meneja wa stendi ya mabasi, Bwana Lukindo, alivuta sigara chini ya kibao cha "Usivute Sigara", maana kibao alikitundika yeye na sheria ni ya wengine. Tangu apewe gari la kazi, hakuwa amepanda basi. Abiria walikohoa hadi machozi, ndipo Bungala, mpiga debe, akamwomba asogee kidogo.

"Nisogee wapi? Nitafutie chumba cha wavutaji chenye hadhi yangu, viti laini na mapazia. Kesho asubuhi kiwe tayari, au utafute stendi nyingine ya kupigia kelele."

"Kitapatikana, mheshimiwa. Mlangoni tuandike nini?"

"Andika Moshi. Ulitaka kuandika Udi?"

Kesho yake Bungala akampandisha ngazi hadi kwenye viti laini na mapazia yaliyoshushwa. Mlangoni paliandikwa MOSHI.

"Na hawa waliokaa?"

"Wote ni watu wa Moshi, mheshimiwa."

Meneja akaridhika, akakaa, akawasha sigara. Mlango ukafungwa, chumba kikanguruma.

"Bungala, mbona chumba kinatembea?"

Bungala alishakuwa nje, anapunga mkono. "Mji wenyewe ni mbali kidogo, mheshimiwa, lakini Kilimanjaro utauona dirishani."

Kondakta akamgusa meneja begani. "Mzee, kwenye basi letu hatuvuti. Na tiketi yako iko wapi?"