Kuku wa Kishingo na Masizi ya Chungu

"Ficha kidonda, usimfiche kuku." Nimewasikia mkiirudia methali hii tangu mtoke kisimani, mkiulizana imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki. Pukuchueni mahindi huku mkinisikiliza.

Huko Upare mlimani palikuwa na mama aliyeitwa Nakiete. Mwanawe alioa binti jina lake Namkunda, mwenye kovu la moto shavuni. Nakiete alimpenda mkwewe. Wageni wakija, alimwambia, "Kaa jikoni, mwanangu, wasije wakakuulizauliza." Alidhani huo ndio wema, na Namkunda alitii.

Namkunda alikuja na kuku mmoja tu, wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, aliyepewa na mama yake siku ya kuagwa. Kuku wa Nakiete walimdonoa mgeni huyo mpaka mgongo ukatoka damu.

"Wakishaonja damu hawaachi," alisema Nakiete. "Afadhali tumle akiwa na nyama."

"Mama, nipe siku saba. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kwetu."

Akapewa. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akamfunika kuku kwa tenga kwenye kona ya jiko, akamlisha chenga za mahindi. Siku ya saba kidonda kilikuwa kimekauka. Akamtoa uani.

Lo! Walimvamia wote kwa pamoja. Kidonda kikafumuka upya. Nakiete akaenda kuchukua kisu.

Namkunda alimkumbatia kuku wake, lakini hakulia. Alikuwa anawaza.

"Mama, hebu nisaidie. Mwanzo walimdonoa wawili watatu. Leo wote. Kwa nini?"

"Wamemwona mgeni."

"Si wanamjua?"

"Walimjua! Siku saba hawajamwona, wamjulie wapi?" Nakiete alisema hivyo, kisha akakishusha kisu, kama mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe.

Wakati huohuo jogoo alikuwa akidonoa ua jekundu kwenye kanga iliyoanikwa. Namkunda akamtazama.

"Kumbe wanafuata wekundu," akasema taratibu.

Nakiete akacheka. "Sasa utamvalisha kuku wako kanga nyeusi?"

"Nitamvalisha, mama."

Akakwangua masizi chini ya chungu, akayachanganya na mafuta, akampaka kuku mgongoni mpaka wekundu ukapotea. Safari hii tenga hakuliweka jikoni. Aliliweka katikati ya uwanja, akamwaga mtama ndani na nje. Wenzake wakaja kula, yeye naye akala, wakitazamana kwenye matundu ya tenga. Kila asubuhi Nakiete alitoka kuchungulia, akijifanya anafagia. Siku ya nne Namkunda akainua tenga. Hakuna kuku aliyeinua hata kichwa.

Jumapili wageni walipobisha hodi, Namkunda akainuka kwenda jikoni kama kawaida.

"Unakwenda wapi?" Nakiete akamuuliza. "Kaa hapa, kando yangu."

Mgeni mmoja akamkodolea macho. "Shavu limepatwa na nini, binti?"

Kabla Namkunda hajajibu, Nakiete akasukuma kikombe mbele ya mgeni. "Hilo ni kovu la zamani. Kunywa chai. Huyu ni mwanangu, ndiye aliyewatuliza kuku wangu." Kisha akawasimulia habari ya tenga, na Namkunda akacheka mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Wageni walipoaga, Nakiete alimshika mkono, akamwambia neno mlilolisikia kisimani: ficha kidonda, usimfiche kuku.