Simba Alivyonunua Bonde la Mnyaa

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati bibi yake bibi yangu hajaota hata jino moja, palikuwa na bonde likiitwa Mnyaa. Sogeeni. Na wewe unayekohoa, kohoa umalize kabisa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Bonde lile lilikuwa mali ya Babu Tembo. Tembo hali mtu, anakula majani yake, kwa hiyo wanyama wadogo walikaa kwake bila wasiwasi na wala hakuwadai kitu. Ngiri alikuwa na shimo lake. Kanga walikuwa na uwanja wao wa kupigia soga. Na katikati ya vichaka vya miiba aliishi Digidigi, yule mnyama mwenye miguu kama vijiti vya mishikaki. Jina lake Bi Mashavu. Mumewe ni Bwana Chande, na walikuwa na mtoto wa wiki mbili ambaye hata kusimama bado alikuwa anayumbayumba.

Sasa, digidigi wana kazi yao, ni wapima mipaka. Digidigi akitaka kuonyesha mpaka, huenda mahali palepale kila siku, akachuchumaa, akaacha kilundo cha mavi madogo meusi. Chekeni, chekeni! Ndivyo walivyo hadi leo. Na Bi Mashavu alikuwa fundi kweli. Ukiona kilundo chake, husogei hatua moja mbele bila kupiga hodi.

Basi asubuhi moja Fisi akaja anahema, heh, heh, heh. Fisi alikuwa dalali wa ardhi.

"Hodi humo! Bi Mashavu, habari za asubuhi?"

"Njema. Una nini mbona ulimi uko nje?"

"Ardhi imepanda bei, mama! Imepaa! Wakubwa wote wa nyanda za mbali wanataka uwanja wa kuwindia. Na wala si njaa, ni fahari tu! Mtu anataka awaite wenzake aseme, haya, ingieni kwangu, kamateni mnayemtaka. Mwaka juzi bonde zima ungelipata kwa kibuyu kimoja cha asali. Leo linatakiwa kwa vibuyu mia!"

Asali ndiyo ilikuwa fedha yao.

"Babu Tembo anasemaje?"

"Mzee anauza. Anahamia msituni kwa wajukuu. Na mnunuzi nimeshampata." Fisi akashusha sauti. "Simba."

Lo! Bi Mashavu alimtazama mtoto wake pale kwenye nyasi na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe.

Fisi alipoondoka, Bwana Chande akaanza kukusanya vitu.

"Tuhame, mke wangu."

"Tuhamie wapi kwa bei hizi? Siku hizi hata kivuli cha mbigili kina mwenyewe."

"Basi tufe?"

"Sijasema tufe. Hebu nyamaza kidogo, Baba Nanihii, nafikiria mipaka."

Maana Mnyaa kulikuwa na desturi. Ardhi haikuuzwa kimyakimya. Mnunuzi alipaswa kukutana na kila jirani anayekaa kando ya ardhi ile, walambe pamoja jiwe moja la chumvi, halafu aape: "Jirani yangu simli, mwanawe simli, wala mgeni wangu hamli, maisha yangu yote." Akivunja kiapo, majirani wote wanamtoa mbio kwa pembe na kwato.

Lakini majirani wa bonde walikuwa wanne tu: Kiboko wa mtoni, Faru, Nyati na Chui. Wadogo waliokaa ndani hawakuhesabika. Walikuwa wanauzwa pamoja na bonde, kama majani.

Bi Mashavu akajipangusa uso, akaenda moja kwa moja hadi mtoni alikofikia Simba. Jamani, mnajua ujasiri wa kumfuata simba kwa miguu yako mwenyewe?

"Shikamoo, Bwana Simba."

"Marahaba. Sema haraka, sijala."

"Nimesikia unanunua Mnyaa kwa vibuyu mia. Nimekuonea huruma."

"Mimi? Unionee huruma mimi?"

"Wewe. Unapunjwa, Bwana. Fisi akisikia neno kuwinda, bei inaruka. Kwani lazima useme uwanja wa kuwindia? Nunua vipande. Leo sema unataka kichaka cha kulalia mchana. Kesho sema unataka kichuguu cha kusimamia. Nani atakupandishia bei ya kichuguu?"

Simba akakuna ndevu.

"Enhe. Halafu?"

"Halafu mwisho wa mwezi bonde zima ni lako, kwa vibuyu thelathini. Mimi nipe kazi ya kupima mipaka tu. Tena wale wadogo watakuwa wamekuzoea. Ukija hawatakimbia. Utawakuta wamekaa tu."

Na hakusema uongo hata neno moja, nyie sikilizeni vizuri.

"Wamekaa tu!" Simba alicheka hadi mate yakamchuruzika. "We mdogo una akili! Kazi umepata."

Kesho yake wakaanza. Kipande cha kwanza kilikuwa pembeni, kwa wale wakubwa wanne. Babu Tembo akalileta jiwe la chumvi kwa mkonga wake, akakisoma kiapo polepole, neno kwa neno. Simba alisikiliza kwa makini sana.

"Simli Kiboko?" akasema. "Nimle wa nini, ngozi yake kama ukuta! Naapa. Naapa tena!"

Akalamba, lamb! Majirani nao wakalamba.

Kuanzia siku ya pili wakaingia ndani. Bi Mashavu alipima kipande chembamba, kimepinda huku, kimepinda kule. Hapa kinagusa shimo la Ngiri, pale kinapita kando ya uwanja wa kanga. Kila pembe kilundo. Na Babu Tembo akakisoma kiapo chote tena, hakuruka neno, maana mzee yule hakuwa mtu wa kuficha mambo.

Lakini Simba alikuwa ameshachoka nacho. "Ndiyo, ndiyo, nakijua! Leteni jiwe!" Lamb!

Siku ya tatu, lamb! Siku ya nne mara tatu, lamb-lamb-lamb, huku anapiga miayo. Fisi yeye alikuwa anafurahi mno, maana dalali analipwa kwa kila mauzo, na mauzo sasa yalikuwa mengi kuliko siku za mwezi. Ulimi wa Simba ukakwaruza ukawa kama jani la msasa. Wapo wanaosema ndiyo sababu uko vile hadi leo. Mimi sijaugusa, siwezi kujua.

Ikafika siku ya kipande kilichopita kando ya kichaka cha Bi Mashavu mwenyewe. Akatoka na mumewe. Mtoto akatoka nyuma yao anayumbayumba, akaenda hadi kwenye jiwe.

Simba akaacha kupiga miayo. Akainamisha pua yake kubwa, akamnusa mtoto, fff, fff.

"Huyu naye?"

"Ni jirani, Bwana," akasema Bi Mashavu.

"Ananukia vizuri sana."

Bwana Chande alifumba macho. Bi Mashavu alitaka kulia, alitaka kumnyakua mwanawe akimbie naye, lakini angekimbia na nani angeapa? Akasimama.

"Malizia tu, Bwana. Kuna vipande viwili vingine kabla ya jua kuwa kali."

"Haya, haya, naapa." Lamb! Na yule mtoto, kwa kuwa chumvi ni tamu, akalamba mara mbili.

Mwisho wa mwezi Mnyaa yote ikawa ya Simba. Akapiga kifua, akanguruma, nguuuuu! hadi mawe yakatetemeka. Akatuma salamu kwa simba wenzake saba wa nyanda za mbali: njooni mwishoni mwa juma, uwanja ni wangu, msibebe chakula.

Lakini kabla wageni hawajafika, wakafika wengine. Alikuja Fisi: "Bwana, cha dalali." Halafu karani wa baraza: "Bwana, ushuru wa ardhi." Halafu Nyati, uso umekunjamana: "Jirani, kiangazi hiki, barabara ya kuzuia moto hujafyeka. Moto ukitoka kwako ukala nyasi zangu, tutaonana." Simba hakuwahi kushika panga maishani mwake. Ikabidi awalipe nyani wamfyekee, na nyani wanafyeka kwa kuongea zaidi kuliko kwa mikono. Halafu akatakiwa aajiri mlinzi, maana chui wa kijiji cha pili walikuwa wanapita usiku.

"Mwenye mali hakosi shughuli," akajiambia Simba, akafungua kibuyu kingine.

Wageni wakafika, saba, tumbo tupu.

"Haya, ingieni kwangu!" akasema Simba. "Kamateni mnayemtaka!"

Wakamwona Ngiri amekaa mbele ya shimo lake, anaota jua. Hakukimbia. Simba akaruka, vuuup!

"Habari za asubuhi, jirani," akasema Ngiri.

Simba akasimama, kucha zote nje.

"Jirani gani?"

"Siku ya pili, kipande chembamba. Tulilamba wote. Mke wangu yule pale, naye alilamba. Na hao ni wageni wako? Karibuni, karibuni. Nao hawanili."

Simba akamwacha Ngiri, akakimbilia swala. "Tulilamba Jumanne," wakasema swala, wanaendelea kutafuna. Akamrukia sungura. Sungura alilamba. Pimbi alilamba. Akatoka sungusungu mmoja njiani, Simba akamtazama tu.

"Nililamba," akasema sungusungu.

Simba mmoja katika wale wageni akaanza kucheka. Wa pili akadakia. Wakacheka wote saba, ha-ha-ha-ha, wanajibwaga chini, wanashika matumbo. "Kanunua uwanja wa kuwindia! Hauwindiki!"

Simba alitamani kuwararua wote, majirani na wageni pamoja. Lakini kule mpakani Faru alikuwa ameinua kichwa, na Nyati alikuwa anaparua chini kwa kwato, kwaru, kwaru. Wote walikisikia kiapo. Na mgeni haachwi na njaa. Siku tatu nzima Simba alinunua nyama kwa Chui, kwa asali yake mwenyewe, kwa bei ambayo Chui aliipanga huku anatabasamu.

Wageni walipoondoka, Simba akamwita Fisi.

"Uza."

Fisi akazunguka huko na huko, akarudi mkia katikati ya miguu. "Hakuna mnunuzi, Bwana. Habari zimefika kote. Kila mtu ananiuliza, ninunue bonde nikashinde nafyeka barabara za moto na kumsalimia Ngiri?" Halafu akakumbuka ana safari, akatoweka kabla hajaulizwa lingine.

Karani akaja tena. Nyani wakaja tena, wanadai nyasi zimeota upya. Simba alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu. Siku ya nane tangu wageni waondoke, Bi Mashavu akapita pale, amembeba mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bwana. Mbona hivyo?"

"Mashavu!" Simba alikuwa karibu kulia. "Wewe, unalitaka bonde? Nakupa."

Bi Mashavu akarudi nyuma, mikono kichwani.

"Mimi? Na udogo huu? Ushuru nitautoa wapi? Barabara ya moto nitaifyeka na nini, na kwato hizi? Hapana, Bwana, unanitwisha mzigo. Tafuta mkubwa mwenzako."

"Nakupa bure! Na kibuyu cha asali juu!"

"Kimoja?"

"Viwili!"

"Nyani peke yao wanakula viwili."

"Vitano! Chukua vitano, chukua na panga, chukua! Babu Tembo yuko wapi, aje ashuhudie kabla huyu hajabadili mawazo!"

Babu Tembo akaitwa, akashuhudia. Alimtazama Bi Mashavu kwa muda mrefu, macho yake madogo yanacheka. Vibuyu vitano vikakabidhiwa. Bonde la Mnyaa likawa la Bi Mashavu na wenzake wote wanaokaa humo. Wale hawahitaji nyani wa kufyeka, wanakula nyasi wenyewe.

Simba akaondoka mbio, hataki hata kugeuka. Kule juu kilimani walimsikia anacheka peke yake, anagonga makofi.

"Nimempata mjinga!" alikuwa anasema. "Wallahi, nimempata mjinga wa kumtupia!"

Bi Mashavu alimteremsha mwanawe, akamnyonyesha pale pale mchana kweupe, katikati ya uwanja, bila kugeuza shingo kuangalia nyuma.

Hadithi yangu imeishia hapo, na funzo lake ni hili: kabla hujauliza utakula nini kwenye ardhi, uliza kwanza ardhi yenyewe itakula kiasi gani kwako.